Tajiri wa Katuni Aliyejiundia Gari Lake la Moshi

Wahenga wetu wa pwani walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Maana yake ni wazi: afadhali kibarua cha tabu kuliko mchezo wa raha, kwani kibarua huleta chakula na mchezo huleta njaa. Nimelelewa na methali hiyo, na kwa muda mrefu niliiamini bila kuuliza swali. Leo nataka kumsimulia msomaji habari za mtu mmoja aliyenifanya niipime upya. Mtu huyo ni Walt Disney wa Marekani, yule tajiri wa sinema za katuni ambaye panya wake, Mickey Mouse, anajulikana hata na watoto wa vichochoroni mwetu wasiojua ni nani aliyembuni.

Wengi wanamjua Disney kwa katuni. Ni wachache wanaojua kwamba alipokaribia umri wa miaka 50, jina lake limekwisha kuvuma ulimwengu mzima, alikuwa akitoka ofisini jioni, akavaa nguo za kazi na kusimama mbele ya kerezo na jiliwa kama mwanagenzi, ili ajifunze kuunda gari dogo la moshi kwa mikono yake mwenyewe.

Nina sababu ya kulishughulikia jambo hili, na ni haki niitaje kabla sijaendelea. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, kisiwani Lamu. Alijenga vyombo vikubwa bila karatasi wala ramani, kwa jicho na kwa kipimo cha mkono. Uzee ulipomnyang'anya nguvu ya shoka, alikaa barazani akawa anaunda vijahazi vidogo, kila kimoja urefu wa mkono, mkuku wake, mataruma yake, mlingoti na foromali, kila kitu mahali pake. Vijana tulimcheka, tukasema uzee umemrudisha utotoni. Mimi nilipita mpaka: siku moja, mbele ya wenzangu, nilimwambia kwamba chombo chake hakiwezi kubeba hata kikapu kimoja cha maembe. Hakunijibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kusugua ubao. Mwaka uliofuata alifariki, Mungu amrehemu. Vyombo vyake vya kazi viligawanywa, na kile kijahazi cha mwisho, ambacho hakikuwahi kupata tanga, hakuna aliyekiulizia. Sijui kilikokwenda.

Neno lile limenikaa kooni miaka mingi. Ndiyo maana niliposoma habari za Disney na gari lake la moshi, nilizisoma kama mtu anayetafuta jawabu.

Mtoto wa kando ya reli

Walter Elias Disney alizaliwa mjini Chicago tarehe 5 Desemba 1901, mtoto wa nne katika watoto watano. Baba yake, Elias, alikuwa mtu mkali, mchapa kazi asiye na bahati, aliyehama huku na huko akiifukuzia riziki. Katika ujana wake mzee huyo aliwahi kufanya kibarua katika kujenga reli iliyokuwa ikielekea magharibi mwa Marekani. Kwa hiyo reli iliingia katika nyumba ile kabla ya Walt kuzaliwa.

Mwaka 1906 familia ilihamia shamba dogo karibu na Marceline, katika jimbo la Missouri. Marceline ni mji uliozaliwa na reli ya Santa Fe, baina ya Chicago na Kansas City, kama vile Nairobi ilivyozaliwa na reli iliyoanza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Mtoto wa mji kama huo hujua saa kwa filimbi ya gari la moshi. Isitoshe, jamaa mmoja wa familia alikuwa dereva wa mashine za moshi kwenye njia hiyo hiyo, naye alipokuja kuwatembelea aliwaletea watoto peremende na hadithi za safari. Kwa Walt, dereva wa gari la moshi alikuwa mtu mkubwa kuliko mfalme.

Raha ya Marceline haikudumu. Baba aliugua, shamba likauzwa, na familia ikahamia Kansas City. Huko Elias alipata kazi ya kusambaza magazeti nyumba kwa nyumba, na mzigo wa kuyapeleka ukawaangukia wanawe, Walt na kaka yake Roy. Waliamka usiku wa manane, wakatembea katika theluji, kisha wakaenda shule wakisinzia. Mshahara hawakuupata, kwani kwa hesabu ya baba chakula na malazi vilitosha. Walt alifanya kazi hiyo kwa miaka ipatayo sita, na inasemekana kwamba hata uzeeni aliota ndoto mbaya kwamba kuna nyumba ameisahau bila gazeti.

Katika majira ya joto ya mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 15, alipata kazi ya kuuza magazeti, matunda, peremende na soda ndani ya magari ya abiria. Kama biashara, ilikuwa hasara tupu. Chupa alizopaswa kuzirudisha zilipotea, matunda yalimwozea mkononi. Lakini kwa masimulizi yake mwenyewe alikuwa akimpa dereva na mchochea moto tumbaku kidogo ili wamruhusu kupanda mbele, akae karibu na makaa, atazame moto, geji na vishikio. Aliingia katika kazi ile akitafuta pesa, akatoka na kitu kingine ambacho hakukitumia mpaka baada ya miaka 30.

Uchovu wa mtu aliyefanikiwa

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia mbio mbio. Mwaka 1923 Disney alipanda gari la moshi kwenda California akiwa na pesa kidogo mfukoni, akaanzisha kampuni ya katuni pamoja na Roy. Mwaka 1928 walimtoa Mickey Mouse katika sinema yenye sauti. Mwishoni mwa mwaka 1937 walionyesha katuni ndefu ya Snow White, ambayo watu wa sinema walikuwa wametabiri itamfilisi, kumbe ikamtajirisha.

Lakini mafanikio hayo yalikuwa na bei yake. Kadiri kampuni ilivyokua, ndivyo mikono ya mwenyewe ilivyokosa kazi. Disney aliacha kuchora katuni kwa mkono wake kabla hata Mickey hajawa maarufu. Wachoraji walikuwa wengi na hodari kumliko. Kazi yake ikawa kuamua, kukosoa, kukopa benki na kugombana. Mwaka 1941 mamia ya wafanyakazi wake waligoma, wakilalamikia mishahara isiyo sawa na sifa zisizotolewa. Yeye aliona kama kwamba watoto wake wamemwasi, na uchungu ule haukumtoka. Haki haikuwa upande wake peke yake, na sisemi kwamba alikuwa malaika. Wakati huo vita vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, masoko ya Ulaya yamefungwa, madeni yamepanda.

Vita vilipokwisha Disney alikuwa mtu mchovu, mwenye hasira za karibu, anayeumwa na shingo kutokana na ajali ya zamani ya mchezo wa polo. Mwuguzi wa studio, Hazel George, aliyekuwa akimkanda shingo kila jioni, alimwona jinsi anavyoteketea. Ni yeye aliyemhimiza aende kupumzika, akaangalie maonyesho makubwa ya reli yaliyokuwa yakifanyika Chicago mwaka 1948.

Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa kidogo kabla ya hapo. Disemba ya mwaka 1947 Disney alijinunulia kigari cha moshi cha umeme, cha kuchezea, akakitandaza katika chumba kilicho karibu na ofisi yake. Wachoraji wake wawili walikuwa wendawazimu zaidi yake katika jambo hili. Ollie Johnston alikuwa akijiundia nyumbani mashine ndogo inayokwenda kwa mvuke wa kweli. Ward Kimball naye alipita wote, kwani alikuwa na mashine kamili ya zamani, si ya mfano, iliyokwenda juu ya reli nyuma ya nyumba yake. Disney alipoziona mashine hizo, kile cha umeme hakikumtosha tena. Alitaka moto na maji.

Agosti 1948 alikwenda Chicago pamoja na Kimball. Wakapanda mashine za kila zama, wakaruhusiwa kushika vishikio, wakarejea wakizungumza kama watoto waliotoka kwenye bembea za Idi.

Mkubwa awa mwanagenzi

Mkuu wa karakana ya mitambo katika studio alikuwa Roger Broggie. Kwake yeye Disney alikwenda na ombi la ajabu: asaidiwe kuunda gari la moshi dogo, lakini la kweli, na afundishwe kuliunda.

Walichagua mfano wa mashine ya zamani ya reli ya Central Pacific, nambari 173, ya karne ya 19. Ni ile sura ambayo msomaji ameiona katika sinema za Kimarekani: magurudumu manne madogo mbele, manne makubwa ya kusukuma nyuma yake, dohani pana juu, na wavu wa chuma puani wa kusukuma ng'ombe. Mchoraji mitambo Eddie Sargent alichora ramani zote kwa kipimo cha moja kwa nane, yaani kila futi 8 za mashine kubwa ziwe futi 1. Upana kati ya reli na reli ukawa inchi 7 na robo. Reli yetu ya zamani ya Mombasa ina upana wa mita 1, basi na apige hesabu mwenyewe aone udogo wake.

Msomaji asidhani kwamba kupunguza ni kazi nyepesi. Ukigawanya urefu, upana na kimo kwa nane, ujazo haupungui mara nane bali mara 512. Maji katika boila ni machache mno, na moto ni gao tu la makaa. Ukizubaa kidogo maji hushuka, ukisahau kuchochea moto huzimika. Lakini mvuke wenyewe haujui kwamba uko ndani ya kitu cha kuchezea. Maji huchemka kwa joto lile lile, mvuke hutafuta njia kwa nguvu, huingia katika silinda, husukuma pistoni, na pistoni husukuma mkono wa chuma unaozungusha magurudumu. Vali ikipishana na wakati wake hata kwa unywele, mashine hukohoa na kusimama. Pengo ambalo katika mashine kubwa halionekani, katika ndogo ni kilema.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu wa mafundi. Kwanza hutengenezwa kielelezo cha mbao, kisha kielelezo hupigwa chapa katika mchanga kupata kalibu, kisha madini yaliyoyeyushwa humiminwa ndani. Kipande kikipoa hupelekwa kwenye kerezo kikakerezwa, kikatobolewa, kikapigwa tupa, hatimaye kikaunganishwa na wenzake. Nami nitasema ukweli ulivyo: sehemu nzito, kama boila na silinda, zilikuwa kazi ya Broggie na mafundi wake. Disney hakuunda kila kitu, wala haifai kumpa sifa ya wengine, jambo ambalo ndilo lililowakasirisha wachoraji wake mwaka 1941.

Lakini sehemu yake aliifanya. Alipewa meza yake karakanani, akaja jioni baada ya jioni. Alijifunza kukata na kukunja mabati, akaunda dohani na taa ya mbele. Alijifunza kukereza vifaa vidogo vidogo na kuviunganisha kwa moto na fedha ya kulehemu. Broggie alishuhudia baadaye kwamba mkubwa wake alikuwa akionyeshwa mashine mara moja, hahitaji kuonyeshwa tena. Katika jengo lile lile ambamo wanaume wazima walinyamaza aliposikika akikohoa ukumbini, kulikuwa na chumba kimoja ambamo yeye ndiye aliyeambiwa kwamba kipande hiki kimekwenda upande, arudie. Naye akarudia.

Mbao ndizo alizozipenda zaidi. Lile behewa la mwisho, la gadi, aliliunda mwenyewe, na hapo ndipo moyo wake ulipodhihirika. Ndani aliweka vitanda, vifaa vya nyumbani na jiko la chuma lenye tumbo kama mtungi, vyote kwa kipimo cha moja kwa nane. Hakuna abiria ambaye angeweza kuingia humo. Ni kazi ambayo ingeonekana tu na mtu atakayepiga magoti na kuchungulia dirishani. Lile jiko lilimpendeza mno hata akatengeneza mengine yapatayo 100, kila moja akalipaka rangi na nakshi yake mbali, akawapa marafiki, machache yakauzwa katika duka moja la New York. Tajiri wa sinema akauza majiko ya kimo cha kiganja! Nadhani dola zile chache zilimfurahisha kuliko hesabu zote za benki.

Mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1949, mashine iliwashwa moto studioni mbele ya wafanyakazi. Ikapiga filimbi, ikaondoka. Akaipa jina la Lilly Belle, kwa heshima ya mkewe Lillian.

Reli chini ya maua ya mke

Heshima hiyo ilikuwa pia hongo, kwa maana kulikuwa na shauri la kutengenezwa nyumbani. Disney alikuwa amenunua kiwanja katika mtaa wa Holmby Hills, Los Angeles, kwenye barabara ya Carolwood, na reli aliikusudia kabla nyumba haijasimama. Bibi alitaka bustani, bwana alitaka reli. Kwa mzaha uliochanganyika na hadhari, Disney aliandikisha mkataba wa kisheria kati yake na mkewe na binti zao wawili, ili njia ya reli isije ikaleta mtafaruku nyumbani. Wenye ndoa wataelewa kwamba huo haukuwa mzaha mtupu.

Mahali ambapo reli ilipaswa kukata bustani ya maua ya Lillian, ilibidi ipite chini kwa chini. Likachimbwa handaki la futi 90, tena si la kunyooka bali la kupinda kama nyoka, ili anayeingia asione mwanga wa upande wa pili. Msimamizi wa ujenzi alimshauri kwamba handaki la kunyooka lingepunguza gharama. Disney akamjibu kwamba kutochimba kabisa kungepunguza zaidi. Kisha akamwagiza katibu wake asimwambie kamwe ni kiasi gani kimetumika.

Reli yote ilikuwa na urefu wa futi 2,615, karibu mita 800, pamoja na daraja la miti la futi 46 na njia za kupishana. Kila reli ililala juu ya mataruma yake. Neno hilo, msomaji, ndilo lililonishtua: mataruma ya reli na mataruma ya jahazi, sisi wa pwani tumeyaita jina moja, na babu yangu aliyachonga madogo kama vijiti vya kiberiti.

Kando ya reli Disney alijenga banda la mbao, mfano wa ghala la shambani kwao Marceline. Hapo ndipo ilipokuwa karakana yake ya nyumbani na mahali pa kuongozea njia. Mwezi wa Mei 1950 reli ilianza kazi. Mwishoni mwa juma wageni walikuja, wacheza sinema wakubwa pamoja na watoto wa majirani, wakaketi juu ya mabehewa kama wapanda punda, na mwenye nyumba mbele yao, kofia ya dereva kichwani, masizi usoni. Waliomjua wamesema kwamba hawakupata kumwona na furaha kama ile.

Siku mvuke ulipochoma

Sasa naja mahali ambapo hadithi hii inaacha kuwa ya kuchekesha. Mwaka 1953 mgeni mmoja aliachiwa kuendesha. Akaiingia kona kwa kasi mno, mashine ikaacha reli na kulala ubavu. Filimbi ikavunjika, mvuke ukafoka, ukamwunguza mtoto wa kike wa miaka 5.

Nimekwisha sema kwamba mvuke haujui kuwa uko ndani ya kitu cha kuchezea. Disney alilijua hilo kwa vipimo, siku hiyo akalijua kwa kilio cha mtoto. Hakusema kwamba kosa ni la mgeni, ingawa angeweza. Alizima moto, akaifunga reli, Lilly Belle ikarudishwa studioni na kuwekwa chini ya meza. Miaka mitatu ya furaha ikakoma kwa alasiri moja.

Naliona jambo hili kuwa kipimo cha mtu kuliko handaki na majiko. Mtu anayecheza tu hugombania kitu chake cha kuchezea. Fundi hujua kwamba kilichotoka mkononi mwake ni dhamana yake, hata kikiwa mkononi mwa mwingine.

Lakini elimu haikufungiwa pamoja na mashine. Tangu mwaka 1948 Disney alikuwa na wazo la uwanja ambamo wazazi na watoto wangestarehe pamoja, na reli ilikuwa ndani ya wazo hilo tangu mwanzo. Uwanja huo, Disneyland, ulifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Reli ikauzunguka wote, upana wake futi 3, na mashine mbili za mwanzo zikaundwa na Roger Broggie yule yule na mafundi wake, kwa kuzikuza zile ramani za Lilly Belle. Zamani walikuwa wameipunguza mashine kubwa, sasa wakaikuza ndogo. Siku ya ufunguzi Disney aliingia kituoni akiwa mbele, kwenye kiti cha dereva. Mtoto aliyetoa tumbaku ili aruhusiwe kupanda, sasa hakuhitaji kumwomba mtu.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1966, siku 10 baada ya kutimiza miaka 65, kwa saratani ya mapafu. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara tangu ujana. Banda lake halikubomolewa. Liliondolewa pale nyumbani, na tangu mwaka 1999 limesimama katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, wazi kwa watu. Lilly Belle nayo imewekwa katika jumba la makumbusho la familia yake mjini San Francisco, lililofunguliwa mwaka 2009. Watu huja, huinama, huchungulia dirishani mwa behewa la gadi na kuliona lile jiko.

Nairudia methali

Sasa niirudie ile methali. Kazi mbi si mchezo mwema. Sisemi kwamba wahenga walikosea. Walisema na vijana wavivu, na vijana wavivu wangaliko. Lakini kuna uzembe unaojiita mchezo, na kuna kazi inayoitwa mchezo kwa sababu tu hailipwi. Kumweka mtu mzima kwenye jiliwa saa tatu akipiga tupa kipande cha shaba mpaka kikae sawasawa, huo si uzembe. Humo mna subira, mna kipimo, mna kukubali kukosolewa na chuma, ambacho hakimwogopi tajiri wala hakimdharau mzee.

Natambua kwamba haifai kuwalinganisha watu hawa wawili kwa kila jambo. Disney alikuwa na fedha, karakana na mafundi wa kumshika mkono. Babu yangu alikuwa na mabaki ya mbao na keekee ya kutobolea, na jicho moja lililoanza kuona ukungu. Lakini nadhani walikuwa wakitafuta kitu kimoja. Mmoja alikuwa na kazi nyingi mno hata mikono ikakosa kazi, mwingine nguvu zilimkimbia hali ujuzi ungalimo. Wote wawili walikataa mikono yao ife kabla yao. Kijahazi kile hakikuundwa kibebe maembe. Kilibeba ujuzi wa miaka 50, kikitafuta wa kumkabidhi, nasi tuliokuwa pale tulikuwa tukicheka.

Gari la tajiri linatazamwa na watu nyuma ya kioo. Kijahazi cha babu sijui kama kiliishia jikoni kuwa kuni. Tofauti hiyo hakuileta Disney wala babu, tuliileta sisi wajukuu.

Juzi mjukuu wangu alinijia na boksi la viatu. Alitaka nimsaidie kukata madirisha, liwe behewa la treni mpya ya Mombasa na Nairobi, ile iliyoanza kazi mwaka 2017. Nilikuwa nikisoma gazeti, na jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa lile la watu wazima wote, kwamba sina nafasi. Nikaliweka gazeti chini. Tulipima kwanza, kwa shibiri, kama alivyokuwa akipima yeye. Dirisha la tatu lilikwenda upande, mtoto akanionyesha, nikalirudia.